Nimepangiwa operesheni ya kupunguza tumbo na mimi ni mama ntilie, nitaishije na masufuria yangu?

MamaPilau_Chuno

Habari za saa hizi wadau. Naomba mnisome taratibu maana nitaandika ndefu, na kioo cha simu kimepasuka kwa hiyo herufi zingine mtajazia wenyewe.

Nina miaka 41, nipo Mtwara mjini, nauza chakula karibu na stendi huu mwaka wa 13. Asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage, ugali samaki, kisamvu cha nazi, Ijumaa pilau. Mara ya mwisho mzani wa hospitali umesoma kilo 128 na urefu wangu sentimita 160, daktari akapiga hesabu yake ya uzito kwa urefu, BMI, akasema 50. Presha ninayo, sukari ndio inabisha hodi, usiku nakoroma mpaka binti yangu amehamia sebuleni. Magoti usiseme. Kiti cha plastiki sikalii kimoja, napachika viwili, kimoja ndani ya kingine, na nikitaka kupanda bajaji dereva anachungulia matairi kwanza.

Dayati nimefanya, ndimu na maji moto, zile chai za kupunguza tumbo wanazotangaza kwenye status nimekunywa zikanikimbiza chooni tu. Nilipungua kilo 9 zikarudi 14. Sasa nimefuatilia Dar, nimepimwa damu, moyo, wamenichungulia tumbo kwa kamera, hadi mtu wa saikolojia nimekaa naye, nimepangiwa mwezi wa tisa. Ni ile wanaondoa karibu asilimia 80 ya tumbo linabaki jembamba kama ndizi. Kisu sikiogopi, watoto wangu wote wawili nimezaa kwa kisu.

Ninachoogopa ni siku nikirudi jikoni. Mimi naonja. Mchuzi nadondoshea kwenye kiganja cha kushoto nalamba, chumvi, nalamba tena, ndimu, nalamba tena, mpaka saa sita mchana nimeshalamba mara thelathini na sijahesabu kipande cha chapati na ukoko. Nitapikaje bila kuonja? Halafu kabla ya operesheni wanataka wiki mbili nile vitu vya majimaji na mboga, hakuna wanga, na mimi nasimama kwenye ubwabwa kutwa.

La mwisho naona hata aibu kuliandika. Mimi unene wangu ndio bango langu. Makondakta wanasema twende kwa mama bonge chakula chake kinaonekana. Nikikonda nani atakula kwangu? Si watasema nimeshaanza dozi?

Waliopitia naomba mniambie maisha ya kila siku yakoje, sio maneno ya vipeperushi. Nawasilisha.

Kijana_wa_Shangani

Mama punguza ugali, kila alfajiri kimbia ufukweni hapo Shangani nusu saa tu, hiyo hela ya operesheni fungua tawi la pili. Watu mnapenda sana njia za mkato.

BintiLindi_78

Wewe kijana njia ya mkato gani hiyo ambayo mtu anakunywa maji kwa kijiko wiki nzima?? Kakimbie wewe na kilo 128 kwenye magoti yako halafu urudi hapa tuongee.

Dada MamaPilau pole na hongera. Mimi nipo Lindi mjini, nilifanya hiyo hiyo yako miaka miwili iliyopita, nilikuwa kilo 119 sasa hivi 78, na nitakwambia yale ambayo mimi sikuambiwa au niliambiwa nikawa sisikilizi.

Zile wiki mbili za kabla usizichukulie poa. Sio adhabu, ni ini. Kwa watu wa uzito wetu ini linakuwa limejaa mafuta, kubwa, limelala juu ya tumbo, sasa daktari anaingia na kamera kwa matundu madogo anatakiwa alinyanyue ndio alione tumbo. Ukila vile walivyosema ini linasinyaa kazi inakuwa rahisi. Ukiibia unajiibia mwenyewe. Mimi siku ya nne kichwa kiliniuma nikalia kwa sababu ya chapati, chapati! ya sita ikaisha. Kama unaweza hizo wiki mbili usipike kabisa, mwachie binti yako, toka hapo jikoni nenda hata kwa ndugu Mikindani.

Baada ya operesheni nunua vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono wanavyotembea navyo wauza kahawa. Mimi nilinunua sita. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha kila kitu, maji nusu kikombe, unapiga funda dogo, unatulia, funda lingine, kikombe kimoja kinaweza kukumalizia dakika kumi na ukiharakisha kinarudi juu na maumivu kifuani kama umemeza jiwe. Kutwa wanataka ufikishe lita moja na nusu au zaidi, sasa piga hesabu ni mafunda mangapi, ni kazi ya kutwa nzima. Na kwa joto la Mtwara na moto wa jikoni usipokunywa utaanguka. Mimi nilirudi hospitali siku ya kumi na mbili kwa kukauka maji tu, mkojo umekuwa kama chai ya rangi.

Chakula kinakwenda kwa hatua, majimaji kama wiki mbili, halafu vya kusaga, halafu laini, vigumu ni baada ya mwezi na nusu, miwili. Ufuate karatasi ya daktari wako sio yangu. Lakini jambo lililonisumbua akili ni hili, sisi kwetu ugali ndio chakula, samaki ni kitoweo tu, si ndio? Sasa unageuza. Kitoweo ndio kinakuwa chakula. Unaanza samaki, yai, dagaa, mtindi, kunde, nafasi ikibaki ndio kijitonge kimoja cha ugali, na mara nyingi haibaki. Protini wanataka gramu 60 na kuendelea kwa siku na yai moja lina kama gramu sita, kwa hiyo ukijaza ugali kwanza umeshakosa. Mama mkwe wangu aliniangalia nakula samaki bila ugali akauliza huyu analishwa na nani. Na maji usinywe na chakula, subiri nusu saa.

Ramadhani ya kwanza sikufunga, daktari alikataa kwa sababu ya hayo maji, nikawa nakunywa chumbani kama mwizi. Nilikuja kulipa siku zangu baadaye.

Kuhusu maneno ya watu nitarudi, mtoto analia.

Nesi_Kusini

Naongezea kidogo tu maana BintiLindi kamaliza mengi.

Vitamini ni za maisha. Sio mwezi, sio mpaka dozi iishe. B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D. Vidonge vya chuma na kalsiamu msimeze pamoja, mpishanishe masaa mawili kwa uchache. Wengi wanaacha mwaka wa pili wakijiona wazima halafu wanakuja kwetu miguu inawaka moto, damu imepungua. Na ukitapika mfululizo siku mbili tatu usikae nyumbani unanusa ndimu, vitamini B1 inaisha haraka na ikiisha inagusa mishipa na ubongo.

Diklofenaki na ibuprofeni za dukani za magoti muachane nazo, hasa waliofanyiwa ile aina nyingine ya kuunganisha utumbo (wanabakiza kijitumbo kidogo wanakiunganisha na utumbo wa chini), zinaleta vidonda. Uliza parasetamo.

Wanawake: uzito ukishuka mimba inashika kirahisi kuliko ulivyozoea, hata wale waliokata tamaa. Subiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Tumia njia ya uzazi wa mpango na uongee na daktari ipi, vidonge sio vya kutegemea kwa kila aina ya operesheni.

Ukirudi nyumbani ukaona moyo unakimbia, homa, pumzi fupi, maumivu ya tumbo yanayopanda begani, au mguu mmoja umevimba unauma, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Na safari. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, usipande basi siku ya tatu. Kaa kwa ndugu Mbagala mpaka waseme nenda, na ukisafiri usikae tu, basi likisimama Nangurukuru na Mnazi Mmoja ya Lindi shuka utembee, ni kwa ajili ya damu isigande miguuni. Ndoo za maji na masufuria usinyanyue mwezi na zaidi.

Mzee_wa_Mikorosho

Mama, mimi ni wa Masasi, umri umekwenda, nilifanyiwa ile nyingine ya kuunganisha utumbo, nchini India, watoto walichanga. Nilikuwa na sukari miaka kumi na moja. Nitasema mawili tu.

La kwanza, dawa za sukari. Zilipunguzwa nikiwa bado wodini. Nilipofika nyumbani nikajifanya mjuaji nikarudia glibenklamidi zangu za zamani kwa kipimo kile kile, nikaenda mnadani kuuliza bei ya korosho, jasho jembamba likanitoka, macho giza, nikakaa chini juu ya magunia. Sukari ilishuka. Kijana mmoja alinipa pipi ndio nikarudi. Sukari yangu ilikuwa haihitaji tena dawa ile na mimi nilikuwa naipiga tu. Kwa hiyo na wewe presha yako wapime mara kwa mara, dawa ya jana inaweza kuwa nyingi leo.

La pili, vitamu. Kwenye harusi ya mjukuu nikapewa glasi ya juisi ya ukwaju, imekolea sukari vibaya sana, nikanywa kwa adabu. Dakika ishirini haikufika moyo unapiga kama ngoma, jasho, tumbo linakata, choo. Nilidhani nimerogwa na hao wakwe. Kumbe sukari inashuka haraka kwenye utumbo, wanaita dampingi. Kwa operesheni yenu ya ndizi nasikia si kali hivyo lakini ipo.

Tulia_Nachingwea

Mimi niliweka puto sio operesheni. Kama kuna anayejiuliza, puto unamezeshwa kwa kamera, linajazwa maji, linakaa miezi sita hivi linatolewa. Wiki ya kwanza nilitapika mpaka nikasema litoeni. Nilipungua kilo 15. Lilipotolewa sikuwa nimebadili chochote jikoni kwangu, nilikuwa nasubiri puto lifanye kazi peke yake, mwaka haujaisha kilo 12 zimerudi. Hospitali sitaitaja, ila waliniachia hivi hivi tu bila mtu wa lishe wa kunifuatilia na mimi nikawa sijaulizia. Dada hakikisha una namba ya mtu wa lishe kabla hujatoka. Kwa wanaouliza inbox, hapa nchini hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka puto na operesheni pia wanafanya, gharama mkaulize wenyewe.

Kijana_wa_Shangani

Dah. Nimewasoma wote. Naomba radhi mama, sikujua kama ni mlolongo hivi.

BintiLindi_78

Nimerudi. Usijali kijana, yameisha.

Maneno ya watu. Dada watasema. Miezi minne ya kwanza uso unashuka haraka kuliko mwili, nywele zinakatika kuanzia mwezi wa tatu hivi (zinarudi, usinyoe kwa hasira kama mimi), ngozi ya mikono inaning'inia, sasa mtu aliyekuacha na mashavu akakukuta hivyo kwa huku kwetu jibu lake ni moja. Mimi jirani aliniletea uji wa lishe na kuninong'oneza kliniki ya siku gani wanatoa dawa. Nilikaa kimya miezi mitatu nikidhani siri ni ustaarabu, ndio wakapata nafasi ya kutunga. Nilivyochoka nilimtafuta mama mmoja pale mtaani, yule mama ukimwambia saa nne saa sita Lindi nzima inajua mpaka Mingoyo, nikamwambia kwa siri kabisa, tena nikamwapisha. Nikamwonyesha na vitundu tumboni. Kazi ikaisha.

Na nikuonye kuhusu korosho. Mwezi wa kumi na moja uzito wangu ukagoma, nikawa nashangaa nakula kama kuku mbona sishuki, kumbe msimu ulikuwa umeanza na kila nikipita mezani nadokoa mbili, tatu, nakaa na kisahani naangalia tamthilia. Korosho hazijazi lile tumbo, zinateleza tu, na gramu 100 zina kalori kama 550. Samaki anakujaza kwa vipande vitatu, korosho unaweza kula kutwa.

MamaPilau_Chuno

Jamani nimelia na kucheka. Mzee wangu shikamoo, hiyo ya magunia nimeiona kabisa. Nesi asante, nimemwambia binti ananukuu kwenye daftari. Binti, bado hujanijibu la kuonja.

BintiLindi_78

Kuonja mimi sijui dada, mimi ni mshonaji, sindano hailambwi hahaha. Ila kwa akili yangu mfundishe huyo binti mkono wako kabla hujaenda.

MamaPilau_Chuno

MREJESHO. Leo tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili, nimerudi.

Nilifanyiwa mwezi wa tisa kama ilivyopangwa. Zile wiki mbili za kabla nilishuka kilo 5, nilikimbilia kwa dada yangu Mikindani kama mlivyosema maana jikoni nisingeweza. Matundu matano. Siku ya kwanza walininyanyua jioni ile ile nitembee korido, nikawaona makatili, siku ya pili ndio nikaelewa. Mbagala nimekaa wiki tatu kwa mdogo wangu, vikombe vya kahawa nilinunua vinne, kimoja mtoto kavunja. Leo mzani umesema 102. Presha nimebakiwa na kidonge kimoja badala ya viwili. Kukoroma binti anasema kumepungua lakini hajarudi chumbani, nadhani ameshazoea tivii.

Sasa kuonja. Kabla sijaenda nilikaa na binti yangu siku kumi, nadondosha mchuzi kwenye kiganja chake yeye, nauliza kimepungua nini? Mwanzo kila kitu anasema kizuri. Nikawa nafanya makusudi naficha chumvi, au naweka ndimu mbili badala ya moja, mpaka siku ya saba akasema mama hapa kuna mdalasini umezidi, na kweli ulizidi. Nikajua naweza kwenda. Nilivyorudi nikakuta wiki ya kwanza aliwalisha watu kisamvu cha chumvi, wamelalamika, akarekebisha. Sasa cha ajabu mimi mwenyewe niliporudi jikoni mwezi wa kumi na moja nikakuta pua imebadilika, kitunguu kikianza kuungua kwenye mafuta natoka nje. Mimi! Miaka 13! Wanasema kwa wengi inapita. Kwa hiyo saa hii anayeonja ni yeye, mimi nakaa mlangoni napanga foleni na kushika hela, na hesabu kumbe zilikuwa zinavuja pembeni nilivyokuwa nimeinamia masufuria, lakini hiyo ni mada nyingine.

Wateja. Wiki mbili za kwanza wakapungua kweli, meza ya makondakta ilikuwa nusu. Mmoja wa basi la Newala alikuja akaniangalia akaagiza chai tu, chai bila chapati, mtu anayekula sahani mbili. Nikakumbuka ya Binti. Nikamwita muuza kahawa wetu wa stendi nikamwambia siri. Siri hiyo ikazunguka ikarudi imekuwa kwamba nimetolewa utumbo wote nimewekewa wa plastiki, na toleo lingine kwamba tumbo langu nimeliuza kwa wazungu ndio maana nina hela ya kupaka rangi banda. Basi wanakuja kuniangalia nakula! Nakaa pale mbele na kikombe changu cha kahawa cha supu na kipande cha samaki changu nimekichambua, natafuna, wao wananihesabia. Jana konda wa Newala kasema mama umetafuna mara ishirini na saba. Yeye kala ubwabwa sahani mbili huku anahesabu.

Ubaya pia niseme. Siku ya arobaini na kitu nilijisahau nikameza tonge la ugali wa muhogo bila kutafuna, likakwama, nilisimama ukutani dakika ishirini mate yananitoka mpaka likarudi. Nimelia usiku mara kadhaa bila sababu. Ijumaa harufu ya pilau langu mwenyewe inanipa huzuni kama nimefiwa, nesi wa lishe anasema niongee na yule wa saikolojia tena na nitaongea. Nywele zimeanza wiki hii, naona kwenye kitana.

Ile jozi ya viti nimeichomoa, cha juu nimekipeleka kwa wateja, nakalia kimoja.

Swali langu la leo, Binti, pweza ulianza kula mwezi wa ngapi? Feri wanapita nao hapa kila jioni.

BintiLindi_78

Pweza? Mimi mwezi wa sita, tena wa kuchemshwa mpaka akalainika, na nilimtafuna mpaka taya likauma. Muulize nesi wako kwanza. Na umwambie huyo konda anihesabie na mimi nikija Mtwara.